Vidonge vya kulainisha mlango wa kizazi: maswali yenu

*Dada nesi, nimeambiwa nitapewa vidonge kabla ya kusafishwa kizazi. Si nitadungwa ganzi? (Kisauni)*

Kusafishwa ni daktari kutoa mimba, au mabaki yake, kupitia mlango wa kizazi. Ganzi yaondoa maumivu tu. Mlango wa kizazi ukiwa mgumu na ukalazimishwa kwa vyuma, waweza kuchanika, au kizazi kikatoboka. Ukilainika, daktari hahitaji nguvu. Mimba ya chini ya wiki 12 si lazima kila mtu apewe. Kuanzia wiki 12, Shirika la Afya Duniani lapendekeza mlango uandaliwe.

*Humezwa? (Tudor)*

Misoprostoli, ndiyo inayotumika sana, haimezwi papo hapo. Kipimo ni mikrogramu 400, vidonge 2 vya 200, chini ya ulimi saa 1 hadi 2 kabla ya kusafishwa. Ama kati ya shavu na ufizi, au ukeni, saa 2 hadi 3 kabla. Mdomoni huacha unga unga kama chaki. Baada ya dakika 30 mabaki yashushe kwa maji. Mifepristoni, dawa nyingine ya kulainisha, miligramu 200, ndiyo humezwa, saa 24 hadi 48 kabla.

*Naweza kuviweka nyumbani Likoni, kisha nivuke feri?*

Tafadhali usifanye hivyo, dada yangu. Tumbo kunyonga, damu, kutetemeka kwa baridi na kuhara vyaweza kukukuta kwenye foleni, umebanwa na watu, choo hakipo. Viwekwe kliniki, nesi akikuona. Ukiumwa, omba ibuprofeni. Haipunguzi nguvu ya misoprostoli.

*Kuna mtu aniuzia kimoja kimoja, kwa karatasi. (Changamwe)*

Usinunue. Misoprostoli huharibiwa na joto na unyevu, na Mombasa vyote viwili tunavyo mwaka mzima. Kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake ya alumini hupoteza nguvu, na wewe hutajua.

*Nilijifungua kwa upasuaji. (Bamburi)*

Mwambie daktari mapema. Mimba changa, kovu pekee halizuii vidonge hivi. Ikiwa kubwa, uangalizi huwa mwingine.

*Sitashikwa?*

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 26(4), yaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona matibabu ya dharura yahitajika, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Na mimba ikiharibika, kutibiwa ni haki yako. Hofu ya polisi isikuweke ndani ukivuja damu: pedi 2 kubwa zikijaa kila saa, kwa saa 2 mfululizo, nenda hospitali hiyo hiyo saa, hata kama ni usiku wa manane.