Sabuni hapana, na muhuri usiutegemee

Ndugu, umeuliza kama buli lako la zamani la Yixing, mji wa China unaosifika kwa mabuli ya udongo, lenye harufu ya ukungu, unaweza kuliosha kwa sabuni. Usithubutu. Udongo wa zisha, ndio unaofinyangiwa mabuli hayo, huchomwa bila kupakwa kitu cha kuung'arisha, kwa hiyo una vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Sabuni ikiingia humo utainywa pamoja na chai. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, weka humo buli na kifuniko chake, kila kimoja peke yake, jaza maji baridi, kisha washa moto mdogo yachemke polepole. Ukilitumbukiza kwenye maji yanayotokota linaweza kupasuka. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi na harufu iishe. Baadaye liache wazi likauke kabisa. Kulifunika likiwa na unyevu ndiko kunakoleta ukungu.

Huo muhuri wa jina la Gu Jingzhou uliogongwa kwenye buli lako usikupumbaze. Alikuwa fundi mkubwa wa mabuli ya Yixing, alifariki 1996, na jina lake linagongwa kwenye mabuli ambayo hakuwahi kuyagusa. Mimi ningeanza kwa kulipangusa na kitambaa cheupe kilicholowa maji ya moto, hasa pale mkono unapoungana na tumbo la buli. Kitambaa kikitoka cheusi na kunuka rangi ya viatu, basi uzee huo umepakwa juzi. Mng'ao wa kweli hutokana na chai na kushikwashikwa, hautoki kwa urahisi namna hiyo.

Likishakuwa safi, lichagulie chai ya aina moja, mfano pu'er, chai ya Kichina iliyochachushwa, usiibadilishe. Ya tangawizi na iliki itafutie birika jingine.