Nyonga imevunjika kazini, sasa wanataka nisaini yaishe kwa elfu arobaini

MASWALI YA KAZINI: Ami anajibu

Shikamoo Ami. Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Changamwe na mke na watoto watatu. Nilikuwa napakua mizigo kwenye godauni moja huku Shimanzi, miaka miwili na kitu, nalipwa 700 kwa siku na pesa inatumwa kwa simu kila Jumamosi, barua ya kazi sijawahi kupewa. Miezi tisa sasa imepita tangu siku ile tulikuwa tunashusha mchele, mvua imenyesha asubuhi, ule ubao wa kushukia kutoka kwa lori umelowa na mimi nina gunia begani la kilo hamsini. Mguu ukateleza nikaanguka ubavu wa kushoto juu ya simiti na gunia likanifuata. Wenzangu wakaninyanyua, suparavaiza akanipa mia tano ya bodaboda niende kliniki ya hapo karibu. Kliniki hawana hata mashine ya picha, wakanidunga sindano wakasema ni misuli imeshtuka. Nikarudi kazini nachechemea wiki tatu nzima manake nisipoenda hakuna pesa.

Ikafika siku sikuweza kuinuka kitandani. Nikapelekwa hospitali ya serikali, kupigwa picha ikaonekana shingo ya mfupa wa paja imepasuka pale kwenye nyonga, nikafanyiwa operesheni wakatia skrubu tatu. Bili ikalipwa na kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, na mchango wa jamaa. Kazini wakaniletea 15,000 mara moja tu basi. Sasa hivi maumivu yamerudi, nasikia kwenye kinena na saa zingine kwenye goti, nikiswali naswali kwa kiti kwa sababu tahiyatu siwezi kukaa. Juzi suparavaiza kapiga simu, anasema nikasaini karatasi nipewe 40,000 tumalizane, na kwamba mimi ni kibarua tu sina kontrakti kwa hivyo hiyo ni huruma ya bosi. Mke wangu anauza mahamri ndio tunakula. Ami nisaini? Na huyu loya mmoja hapa mtaani anasema tufungue kesi kotini moja kwa moja anataka 10,000 ya kuanzia.
— Wa Changamwe

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usisaini. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hiyo elfu arobaini inavyong'aa ukiwa na watoto watatu na mke amebeba nyumba yote kwa beseni la mahamri, lakini tafadhali hiyo karatasi usiitie hata kidole gumba mpaka umalize kusoma hapa.

Kwanza hilo neno kibarua. Sheria inayohusika na jambo lako hapa Kenya inaitwa Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, watu wote huku wanaiita WIBA, na hiyo inamshika kila mfanyakazi anayelipwa, aliye na barua na asiye na barua, wa serikali na wa kampuni, ukitoa wanajeshi. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo 2007 inasema kibarua akishafanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mzima basi anahesabiwa ni wa mwezi. Wewe una miaka miwili! Huruma ya bosi haimo humu kabisa. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya mambo haya, na hata kama hakuichukua bado deni ni lake. Na hapaulizwi nani alikuwa na makosa, usije ukaogopa wakikwambia mbona hukuvaa gambuti au mbona hukuangalia ubao. Kuteleza si kujiumiza makusudi, na kinachoweza kukuharibia ni utovu wa nidhamu wa makusudi hasa, na hata huo ukikuacha na ulemavu mkubwa bado fidia ipo.

Sasa kinachonifanya nikwambie amka kesho asubuhi uende. Dai la fidia linatakiwa liwe limepelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wewe umebakisha mitatu. Mwajiri alitakiwa aripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari, na kutoripoti ni kosa, lakini usikae ukasubiri makosa yake yakusaidie. Ofisi ya hao watu wa usalama kazini iko Mombasa, wengi wanasema tu leba, nenda mwenyewe ama umtume mkeo kama huwezi kupanda matatu, mwambie aombe fomu ya DOSH/WIBA 1. Wazee bado wanaiita LD 104 hiyo, ni jina la zamani usichanganyikiwe. Sehemu ya kwanza inajazwa na mwajiri, sehemu ya pili na daktari. Mwajiri akikataa kujaza waambie papo hapo ofisini amekataa, waandike, wao wana nguvu ya kumwita na kuchunguza.

Utaulizwa ushahidi kwamba ulikuwa unafanya kazi pale, na hapa wengi ndipo wanapokata tamaa kumbe wanao mfukoni. Zile meseji za M-Pesa za kila Jumamosi, miaka miwili, kutoka namba ileile! Omba stetimenti yote uiprinti. Wenzako waliokunyanyua, hata wawili, waandike walichoona na tarehe na namba za simu, fanya hivi mapema kabla hawajatishwa, na kumtisha mtu ili asidai haki yake hiyo nayo ni kosa kisheria. Kile kikaratasi cha kliniki cha siku ileile ukitafute kama umekitupa chini ya godoro, hata kama waliandika misuli kitakufaa sana, manake kinaonyesha tarehe na kinaonyesha uliumia upande gani. Maana watakuja na hoja kwamba ulifanya kazi wiki tatu baada ya kuanguka kwa hivyo mfupa ulivunjika kwingine. Mfupa wa shingo ya nyonga unaweza kupasuka kama ufa kwenye kikombe, mtu akaendelea kutembea nao akichechemea mpaka siku ufa unafunguka. Muombe daktari wa mifupa aliyekutia skrubu akuandikie hilo kwa maneno yake.

Na sasa nije kwa hiyo nyonga yenyewe, hapa nataka unisikilize kuliko pote. Nimekaa miaka mingi nikisindikiza wafanyakazi kwenye madai haya na majeraha ya nyonga ndiyo nimeona watu wakipunjwa zaidi, kwa sababu mguu wote upo, hakuna kidole kilichokatika, mtu anaingia ofisini kwa miguu yake. Lakini nyonga ina tabia yake. Kile kichwa cha mfupa kinacholala ndani ya kikombe cha nyonga kinapata damu kwa mishipa myembamba inayopita kwenye ile shingo, sasa shingo ikivunjika mishipa nayo inakatika au inabanwa, na kichwa kikikosa damu kinaanza kufa polepole. Haionekani siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kufika hata miaka miwili, ndipo mfupa unabonyea na mtu anaambiwa anahitaji nyonga ya bandia. Na maumivu ya nyonga mara nyingi hayakai kwenye nyonga, yanasikika kwenye kinena, kwenye paja, hata kwenye goti. Uliponiandikia kinena na goti nilisimama hapohapo. Mimi si daktari na sisemi ndicho ulicho nacho, nasema rudi kwa daktari wa mifupa wiki hii upigwe picha upya, mwambie maneno hayohayo uliyoniambia mimi.

Kwa hiyo dai peleka sasa hivi usingoje, lakini kile kipimo cha mwisho cha asilimia ya ulemavu usikikimbilie kabla daktari hajasema hali imetulia. Ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Ukishafika dawatini kwa wakati, saa haikukimbizi tena kama sasa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa siku ulizokuwa huwezi kufanya kazi kabisa unalipwa sawa na mshahara wako, mpaka miezi 12, na kwako hiyo ni kama miezi minane hujapata kitu isipokuwa ile elfu kumi na tano. Kisha ulemavu wa kudumu: mshahara wa mwezi mara 96, halafu unachukua asilimia aliyoandika daktari. 700 kwa siku 26 ni 18,200 kwa mwezi, mara 96 inakuwa 1,747,200. Daktari akikupa asilimia 15 ni 262,080, akikupa 30 ni 524,160. Sikwambii utapata ngapi, nakuonyesha tu elfu arobaini imesimama wapi. Tena gharama za matibabu ni za mwajiri, hospitali, dawa, magongo, hata nauli ya kwenda na kurudi, kwa hivyo risiti zote za pesa mlizochangishana ziweke kwa bahasha moja.

Ukienda kwa daktari wa kujaza ile sehemu ya pili usivae ushujaa. Najua sisi wanaume wa pwani tukiulizwa vipi tunasema alhamdulillahi nzuri tu. Daktari akiuliza, mwambie tahiyatu huwezi, choo cha shimo huwezi kuchuchumaa mpaka ushike ukuta, kiatu cha kushoto unavalishwa na mtoto kama ni hivyo, ngazi ya matatu unapanda na mguu gani kwanza, gunia hata la kilo kumi hulibebi. Asilimia inatoka humo.

Mkurugenzi akimaliza anatoa fomu ya WIBA 4 yenye kiasi, na mwajiri au bima yake anatakiwa alipe ndani ya siku 90 tangu dai lifikishwe kwake. Kama kiasi hukikubali una siku 60 za kupinga kwa maandishi, Mkurugenzi anatakiwa akujibu ndani ya siku 14, na jibu lisipokuridhisha una siku 30 za kukata rufaa kwenye Koti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wakikaa kimya wasilipe, ni kotini hapohapo unapoenda kuomba tuzo, yaani kile kiasi alichoandika Mkurugenzi, itekelezwe, na hapo sasa loya ana kazi ya kufanya.

Huyo loya wa elfu kumi mwambie asante ngoja. Zamani watu walikimbilia kotini moja kwa moja na kulikuwa na mvutano wa miaka mingi kuhusu hilo mpaka Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba sheria iko sawa, mambo yanaanzia kwa Mkurugenzi. Ukifungua kesi kwanza kuna hatari itupwe nje na hiyo miezi mitatu yako iwe imeisha ukiwa kwenye foleni ya koti. Hiyo elfu kumi kapige picha ya nyonga.

Na suparavaiza akipiga tena mwambie kwa upole tu, nimepeleka jambo leba, nikishapimwa tutaongea. Hata ukikuta umeshasaini tayari (watu huniandikia baada ya kusaini, inaniuma sana) nenda vilevile, sheria haikubali mfanyakazi auze haki yake ya fidia kwa kikaratasi cha tumalizane, ila utakuwa umejiongezea safari.

Swali la pili ni fupi. Dada mmoja wa Athi River anaandika:

Ami habari, tulikuwa tunatoka shifti ya usiku na basi la kampuni likapinduka, nyonga yangu ya kulia iliteguka ikarudishwa hospitali, nimekaa ndani miezi miwili. HR anasema hiyo ni ajali ya barabara si ya kazini nikadai kwa bima ya gari. Ni kweli?

Si kweli dada yangu, pole kwa maumivu. Gari likiwa limetolewa na mwajiri maalum kwa kuwapeleka na kuwarudisha wafanyakazi na dereva ni wake, sheria inahesabu uko kazini tangu unapopanda. Dai lako ni la WIBA kama la huyo kaka wa Changamwe, fomu ileile, miezi 12 ileile. Kama kuna gari lingine liliwagonga, huyo mwenye gari unaweza kumdai pembeni. Chukua OB namba (namba ya ripoti ya ajali kwenye kitabu cha polisi) kwa polisi na majina ya mliokuwa nao kwenye basi, na hata kama nyonga ilirudi vizuri omba daktari akuangalie tena baada ya miezi michache, kwa sababu nyonga iliyoteguka nayo inaweza kukosa damu vilevile. Niandikie ukishapata namba ya dai lako nikuelekeze pa kufuatilia.