Jibu: Changamoto ya familia inayokufa wiki ya pili

Habari ndugu. Umesema kila mwezi mnaanza changamoto ya familia, kama "tutunze mazingira", watoto wanachangamka, kisha wiki ya pili kila mtu kasahau. Yalitukuta hayo hayo.

Kwanza angalia kama changamoto yenyewe inapimika. "Tutunze mazingira" haina mwisho, mtoto hajui ameshinda lini. Sisi tulihamia kwenye maji: mita inasomwa usiku kabla ya kulala, inasomwa tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Namba ikisogea na hakuna aliyetumia maji usiku, kuna mahali panavuja. Kwetu mabomba yalikuwa mazima, mwizi alikuwa choo! Tulitia rangi ya chakula kwenye tangi lake, tukasubiri nusu saa bila mtu kuflashi, rangi ikajitokeza kwenye sinki la choo, yaani maji yalikuwa yanavuja kutoka tangini. Mwezi huo hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Changamoto ikiwa ya kusaidia watu, muulizeni kwanza mhusika anataka nini. Tuliwahi kumfagilia jirani mzee uwanja, kumbe shida yake ilikuwa mtu wa kumsomea barua.

Halafu jambo moja tu kwa mwezi, na mdogo kuliko wote ndiye achague. Wakubwa mfuate, hata kama mnaona anachagua vya ajabu.