Kompyuta inazima ukichomeka diski ya nje

Ndugu wa Kondele, unasema kompyuta yako ya mezani inajizima kila ukichomeka diski ya nje. Kabla hujalaumu Windows, tega sikio kwenye diski yenyewe: ikilia tik-tik-tik halafu kimya, inakosa umeme au inakata roho. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 (kipimo cha mkondo wa umeme), la USB 3.0 hutoa 900, na diski ikianza kuzunguka inaweza kuvuta zaidi. Chomeka nyuma ya kasha la kompyuta, si mbele, kwa waya mfupi. Yangu ilipona kwa kubadilisha waya tu. Ule wa zamani ukiugusa kidogo, taa ya diski inazima. Bado? Ijaribu kwa kompyuta ya jirani. Ikifanya kazi huko, shuku pawa saplai yako, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Na popote itakapofanya kazi, nakili picha kwanza, chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) baadaye.