Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Milimani, Mbali na Magari

Tuko marafiki wanne na tumechoka kupigiwa honi Thika Road. Tunatafuta njia za murram kwenye vilima, pasipo na magari, tutoke alfajiri na kurudi jioni. Tuanzie wapi?
*Wanne wa Kahawa West*

Kabla ya kuuliza umbali, ulizeni udongo. Ukitoka Nairobi utakutana na aina tatu: udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru, udongo mweusi wa pamba upande wa Kajiado na Athi, na majivu ya volkano kule Naivasha. Kila mmoja una msimu wake, na ndio utakaowaamulia pa kwenda.

Kwa siku ya kwanza nendeni msitu wa Karura, humu humu Nairobi. Si mlimani, lakini magari huishia kwenye maegesho ya langoni, na ndani hamtakutana na yeyote ila wakimbiaji, watembeaji na waendesha baiskeli wenzenu. Makutano ya njia yana nambari, kwa hivyo ni vigumu kupotea. Kama mmoja wenu hawezi kumaliza kilomita 25 humo bila kuuma meno, msimpeleke milimani bado.

Baada ya hapo, Hell's Gate, karibu na Naivasha. Iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1984, na ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambamo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli. Magari ya watalii yapo, lakini ukiwa lango la Elsa saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa, saa mbili za kwanza huwa karibu zote zako. Lipeni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoka nyumbani, msije mkahangaika na mtandao mkiwa langoni.

Kutoka Elsa hadi kituo cha askari karibu na korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, nyingi zikiteremka kati ya kuta za miamba. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Wanafika wakicheka, wanakunywa maji yote, halafu wanagundua kwamba kurudi ni kupanda na jua sasa liko utosini. Kila mtu abebe lita 2, na moja ibaki ya kurudi. Mkitaka upweke zaidi, ifuateni njia ya Buffalo Circuit, kilomita 14 hivi, inayopanda na kuwapa mandhari ya mlima Longonot. Nyati wenyewe wapo kweli. Mkimkuta mmoja karibu na njia, simameni mbali, mkae pamoja, mmngoje aondoke. Msijaribu kumpita kwa kasi.

Korongo lenyewe ni la kutembea kwa miguu, na mawingu yakitanda hata kwa mbali msiingie. Maji huja kutoka juu wakati nyinyi mnaota jua. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 7 humo.

Safari ya tatu iwe msitu wa Kereita, ncha ya kusini ya Aberdare, mkiingilia Kimende kwenye barabara ya Nakuru. Huko mko juu ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, na Julai ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Njia za msituni ni udongo mwekundu chini ya mianzi na miti ya kiasili. Tembo wapo pia, kwa hivyo chukueni mwongozaji wa chama cha jamii cha msitu, anayejua wamelala wapi jana. Hatupendekezi kwenda peke yenu hata kama simu ina ramani.

Na Ngong? Mandhari hayana mpinzani, kilele ni mita 2,460. Lakini magari hufika kwenye mitambo ya upepo, na ukishapita hapo mgongo wa vilima ni makorongo madogo na nyasi, mahali utakaposukuma baiskeli zaidi ya kuiendesha. Upepo wa ubavuni nao humyumbisha hata mtu mzito. Pale ni pa kutembea.

Nina baiskeli ya milimani ya miaka mingi. Vijana wa mtaani wananiambia ninunue ya changarawe, yenye usukani uliopinda. Ni lazima?
*Mzee wa Donholm*

Si lazima, Mzee wetu. Kwa njia tulizotaja hapo juu, tairi pana za baiskeli yako ni faida. Tumia pesa hizo kwenye tairi mpya zenye meno mafupi katikati, cheni mpya na pedi za breki. Kama uma wa mbele una springi na una kitufe cha kuufunga, ufunge unapopanda na uufungue unapoteremka.

Jumapili iliyopita nilipata pancha tatu Hell's Gate kwenye gurudumu lile lile. Tyubu ya tatu ilikuwa mpya kabisa. Nimerogwa?
*Pancha Tatu, Umoja*

Hujarogwa, umeacha mwiba ndani. Miiba ya migunga huvunjika: kichwa hutoka, ncha hubaki ndani ya mpira wa tairi, na tyubu mpya hutobolewa mahali pale pale mara tu unapojaza upepo.

Ukitoa tyubu, usiitupe begini. Ijaze upepo, itafute tundu, kisha iweke kando ya tairi ikielekea vile vile ilivyokuwa, valvu ikitazama tundu lake kwenye rimu. Tundu la tyubu litakuonyesha mwiba ulipo kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote polepole. Kitambaa kikikwama, umeupata. Usitumie kidole kitupu, kitakatika. Sukuma ncha kwa bisibisi ndogo itokee nje uishike.

Liangalie tundu pia, maana huzungumza. Tundu moja upande wa nje wa tyubu ni mwiba. Matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu ikabana tyubu kwenye jiwe. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, linatokana na utepe wa rimu uliosogea au ncha ya spoki iliyojitokeza, na hapo hata ukibadilisha tairi hutapona.

Kwa anayekwenda Naivasha mara kwa mara, dawa ya kweli ni tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba pancha. Tairi ya milimita 40 weka mililita 60, pana ya baiskeli ya milimani weka 90 hadi 100. Ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana kwa joto letu hukauka na kubaki ngozi ngumu isiyoziba kitu. Mwiba ukiingia, usiung'oe ukiwa juu. Zungusha gurudumu tundu liwe chini, maji yakusanyike hapo, ndipo uuchomoe.

Upepo: mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya milimita 40 isiyo na tyubu, psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 32 mbele na 35 nyuma. Ukiwa na tyubu ongeza 5 au 6. Wakati wa kiangazi majivu ya Hell's Gate huwa laini kama unga na gurudumu la mbele huzama kwenye kona. Wenye tairi zisizo na tyubu wapunguze psi 4, waketi nyuma kidogo, wasiguse breki ya mbele. Wenye tyubu wasipunguze. Wataishia kwenye meno ya nyoka.

Mvua ilitunyea upande wa Kajiado. Matope yalijaa magurudumuni, nikakanyaga pedali kwa nguvu, gia ya nyuma ikavunjika na kuingia kwenye spoki. Fundi anasema fremu ni nzima. Nimwamini?
*Miguu Mizito, Rongai*

Mwamini. Kilichovunjika ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kivunjike ili fremu isivunjike. Kila aina ya baiskeli ina umbo lake, kwa hivyo mpelekee fundi kile cha zamani akilinganishe, na ununue viwili. Cha pili kikae begini siku zote. Spoki ziangaliwe moja moja pia, hasa upande wa cheni.

Kosa lilikuwa lile kanyago la nguvu. Udongo mweusi hushika tairi, kisha hushika kokoto, kisha hujaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linasimama. Ukisikia tairi likikwaruza, shuka. Pangusa kwa kijiti, beba baiskeli begani, pita kwenye nyasi. Usikanyage kabisa.

Mvua ikinyesha, udongo mweusi upe siku nne au tano za jua. Mwekundu wa Limuru hukauka kwa siku moja au mbili, ingawa juu huteleza kama sabuni. Majivu ya Naivasha hunyonya maji upesi na baada ya mvua huwa magumu na mazuri kuliko wakati wa kiangazi. Ndiyo maana Aprili tunawapeleka watu Hell's Gate, korongo likiwa limeondolewa kwenye ratiba, na Kereita tunaingojea Januari na Februari.

Matatu za Naivasha hubeba baiskeli?
*Mwanafunzi, Ngara*

Zenye keria juu hubeba. Patana bei kabla baiskeli haijapanda, si baada. Toa pedali kwa spana namba 15: shika spana ikielekea juu, ivute kuelekea nyuma ya baiskeli, pande zote mbili. Laza upande usio na gia chini, funga kwa mpira wa tyubu kuukuu badala ya kamba. Ukitoa gurudumu lenye breki ya diski ya mafuta, chomeka kipande cha katoni katikati ya pedi. Mtu akibonyeza breki bila gurudumu, pedi hubana na gurudumu halirudi.