Shangazi Tochi anajibu: kuku wa kwenye sinema, katuni za wakubwa na simu ya jirani

Kwa wageni wa ukurasa huu: jina la Tochi sikujipachika. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa tochi kwenye jumba moja la sinema pale mjini, enzi ambazo Dar ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na New Chox. Ukichelewa, baba anakumulikia miguuni mpaka kwenye kiti chako. Nimekulia humo, ndiyo maana barua za sinema zikifika ofisini wananisukumia mimi. Wiki hii zimejaa bahasha.

*Shikamoo Shangazi. Ile Aprili ya 2025 nilimpeleka mdogo wangu wa kidato cha pili kuangalia A Minecraft Movie. Tumelipa tiketi, tumelipa bisi, tumetulia. Kufika kipande cha yule kuku, safu mbili za mbele zikasimama na mayowe, bisi zikaruka, soda ya mtu ikaishia kwenye shati langu. Kugeuka, mdogo wangu naye yuko juu ya kiti anapiga kelele! Nikamshika mkono tukatoka. Mpaka leo akinisalimia ni kwa kulazimishwa na mama. Nina miaka 29. Nimezeeka, au watoto hawana adabu? — Shati Jeupe, Tabata*

Marahaba mwanangu. Hujazeeka. Uliingia ngomani bila kuuliza ni ngoma ya nini.

Kipande chenyewe ni hiki: mtoto wa zombi anatokea amempanda kuku, na mwigizaji Jack Black anamtaja kwa sauti ya mnadani. Kwako wewe ni kuku tu. Kwa mdogo wako, anayecheza Minecraft, gemu lililozaa sinema hiyo, huyo ni kiumbe anayejitokeza kwa nadra sana, unaweza kucheza wiki nzima usimwone. Leo kamwona ana ukubwa wa ukuta, tena kazungukwa na wenzake wanaojua siri hiyo hiyo. Halafu wewe ukamshika mkono ukamtoa.

Wala usidhani ni Tabata peke yenu. Marekani na Uingereza ilikuwa hivyo hivyo, mpaka majumba mengine yakabandika matangazo ya kuonya watazamaji na kwingine polisi wakaitwa. Kuna vijana Marekani walionekana kwenye video wameingia na kuku hai. Kuku hai, mwanangu! Hapo hata mimi ningewasha tochi.

Sasa nikwambie ya kwetu. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi. Wimbo ukianza, ukumbi unaimba na Raj Kapoor neno kwa neno, na nusu ya waimbaji hata kuomba maji kwa Kihindi hawawezi. Kwenye picha za ngumi ndiyo usiseme. Adui akinyata nyuma ya staringi, watu mia tano wanamwambia, "Nyuma yako! Nyuma yako, bwege wewe!" Staringi akigeuka kwa wakati, wanajipongeza kana kwamba wao ndio waliomwokoa. Kule Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966 (ubalozi wa Marekani umekaa juu yake sasa, pita uone), filamu ikikatika zilikuwa zinalia honi utadhani harusi.

Baba hakuwahi kumulika mtu anayemfokea adui. Hata siku moja. Aliokuwa anawamulika ni wale wa maongezi yao. Nakumbuka bwana mmoja alikaa kiti cha pembeni akawa anamsimulia mwenzake habari za kiwanja cha Mbagala, bei, mashahidi, mjumbe, kila kitu. Baba akaja taratibu akammulika. Si usoni. Mdomoni. Akaacha mwanga pale pale, kinywa kikawa kinafunguka na kufunga ndani ya kiduara cheupe, watu wa safu ile wakaanza kucheka, na kiwanja kikaishia hapo.

Kwa hiyo sheria yangu ni ya baba: kumjibu staringi ruksa, kusimulia kiwanja chako hapana. Bisi na soda ni kesi nyingine. Kelele ikiisha haiachi kitu sakafuni, lakini bisi anakuja kuzifagia mama wa watu saa tano usiku, naye anawaza daladala la mwisho. Hapo wale vijana walikosa, na shati lako walipaswa kulifua.

Mpeleke tena mdogo wako, sinema yoyote anayoitaka yeye. Vaa shati jeusi.

*Shangazi, shikamoo. Shemeji yangu anakaa kwetu, ana miaka 34, ana kazi yake nzuri tu, lakini akirudi jioni ni katuni mpaka saa sita usiku. Mume wangu anasema mwache. Tatizo ni mwanangu wa miaka saba. Kwa kuwa ni katuni nilimwacha akae naye, wiki iliyopita akaniuliza neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mtu mzima na katuni wapi na wapi? — Mama Wawili, Kimara*

Marahaba mama. Una maswali mawili hapo, la shemeji na la mtoto, nawe umeyafunga kwenye kanga moja.

Tuanze na shemeji, maana yeye hana kosa. Katuni ni namna ya kuchora, haina umri. The Simpsons imeanza kujitegemea kwenye televisheni Desemba 1989 na hata siku hiyo walengwa wake walikuwa watu wanaolipa kodi ya nyumba. South Park, ya tangu 1997, ina watoto wa shule ya msingi wenye vichwa kama machungwa na midomo kama ya utingo. Huyo bila shaka ndiye mwalimu wa lile neno. Wajapani walitoa Grave of the Fireflies mwaka 1988, hadithi ya kaka na dada yatima wakati wa vita. Mimi niliiangalia mchana kweupe na nikashindwa kupika jioni.

Na sisi Waswahili tunashangaa nini? Katuni zetu zilianza na wakubwa. Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru alikuwa anasomwa na wazee kabla ya habari za ukurasa wa kwanza. Gazeti la Sani je? Ndumilakuwili na Lodi Lofa walikuwa watu wa kutapeli, kukopa na kukimbizana na wake za watu, na sisi watoto tulilisoma tumejificha chooni, kwa sababu tulijua kabisa kwamba si letu. Za watoto zimekuja nyuma sana. Ubongo Kids, inayotengenezwa hapa hapa Dar, imeanza 2014.

Yangu mwenyewe niseme. Mwaka niliofiwa na mume wangu, binti yangu aliniwekea BoJack Horseman, habari za farasi aliyewahi kuwa nyota wa televisheni, sasa mlevi, hajipendi na anawaumiza wanaompenda. Nikamwambia, mimi na umri huu niangalie farasi aliyevaa koti? Siku ya tatu nikawa namuuliza mbona hajawasha. Watu walikuwa wanakuja kunipa pole kwa maneno yale yale, "kazi ya Mungu haina makosa", wanakunywa chai wanaondoka. Farasi yule hakunipa pole. Alikuwa ameharibikiwa tu, kama mimi, na nilikuwa nataka mtu wa namna hiyo sebuleni.

Sasa mtoto. Hapo kosa ni lako, mama, na nakusema kwa upendo. Umeona rangi na macho makubwa ukadhani umepata yaya. Hata wenye majumba yao wanakosea: Juni 2016 kule California jumba moja liliwaonyesha watoto waliokuja kuangalia Finding Dory kionjo cha Sausage Party, soseji zinazotukana, filamu ambayo Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mkubwa wake. Wazazi walirukwa na akili. Wewe unayo rimoti mkononi. Hizi huduma za kulipia zina sehemu ya watoto, unaiweka, na ya wakubwa unaifungia kwa namba ya siri ambayo shemeji anaijua na mwanao haijui. Mwambie pia shemeji aanze sizoni zake baada ya saa tatu, mtoto akiwa kitandani. Akikataa, hilo ndilo la kumshtakia kaka yake. Katuni muachie.

*Mambo Shangazi. Mtu akipokea simu katikati ya muvi nimfanyeje? — Mkereketwa, Sinza*

Poa. Muulize kwa sauti ya watu wote, "Anasemaje? Anakuja?" Atakata.

*Dada, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nyuma ya nyumba yangu kuna kibanda umiza kinachoonyesha filamu za kutafsiriwa. Staringi anasema maneno matatu, huyo anayejiita mtafsiri anasema thelathini. Majuzi mfalme wa China kadaiwa kodi ya pango la Manzese! Watazamaji nao wanamjibu. Hii ni lugha gani na ni utamaduni gani? — Mwalimu, Temeke*

Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia nimeficha mikono, nisije kuchapwa.

Unachosema ni kweli tupu. Lufufu, bingwa wa kazi hiyo ambaye Dar nzima iliijua sauti yake, hakutafsiri maana ya kamusi. Alikuwa anasimulia. Anakueleza huyu ni nani, kwa nini ana hasira, na mjomba wake alifanya nini kwenye sehemu ya kwanza ambayo wewe hukuiona. Kijana aliyeingia kibandani hajui Kichina wala Kiingereza, na maandishi ya chini ya skrini hayawahi. Anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kama baba na tochi yake, ukitaka.

Ila nikuulize, Mwalimu. Ulipokuwa unafundisha fasihi simulizi uliandika ubaoni "fanani" na "hadhira", sivyo? Ukasema fanani anaongeza chumvi kulingana na hadhira aliyonayo, na hadhira haikai kama magogo, inaitikia. Paukwa? Pakawa! Basi hao nyuma ya nyumba yako wamefaulu mtihani wako na wewe unawanyima maksi. Mfalme wa China asipodaiwa kodi ya Manzese, wa Manzese atajuaje kwamba mfalme yuko taabani?

Nakuunga mkono kwa moja. Spika isipite saa nne usiku, na mwenye kibanda asipokee watoto saa za masomo. Hayo yapeleke kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujayapeleka kwangu.

*Shangazi, shikamoo. Nimesikia Flow imechukua Oscar na haina hata neno moja. Sinema bila maneno si kulala? — Mpenda Vitendo, Ilala*

Marahaba. Ni ya 2024, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, na ilishinda tuzo ya filamu bora ya katuni Machi 2025. Imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hata wewe unaipakua bure. Maji yanafurika dunia nzima, paka anaponea kwenye mashua pamoja na mbwa, ndege mkubwa, komba wa Madagaska (lemuri) mwenye tamaa ya vitu na mnyama mmoja mzito wa Amerika ya Kusini ambaye kazi yake ni kusinzia. Wanalia kwa sauti za wanyama, basi.

Nilihofia kama wewe. Nikaiwasha sebuleni kwangu Magomeni, wajukuu wanne kwenye mkeka, umeme ukiwa umerudi nusu saa tu. Dakika kumi kimya. Kisha yule wa miaka sita, asiyeweza kunyamaza hata msikitini, akaanza kumsemea paka: "Nyie mbwa mnanuka, kaeni kule." Dada yake akamchukua mbwa: "Chombo ni cha baba yako?" Wa tatu akadai komba, wakagombana kidogo, akapewa. Mpaka mwisho tukawa na sinema ya Kiswahili kamili, ina matusi mawili madogo niliyoyasamehe na mdai kodi mmoja.

Tochi yangu ilikuwa mezani, kwa ajili ya umeme. Sikuigusa.