Uliza Ukoo wa Panya Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Langoni ameniandikia. Jaribio lake la uzamili limekwama mara tatu, anataka kuacha arudi Lamu akae dukani kwa babake. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, maana mimi mwaka ule nilifika hadi gati la Mokowe, pale pa kuvukia kwenda Lamu, na begi langu kichwani.

Nilikuwa nikichunguza jinsi makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu vya maradhi, zinavyopambana na virusi vya mafua. Zangu zilitoka tumboni mwa panya. Bibi yangu aliniuliza barazani: mafua ni ya pua na kifua, tumbo limeingiaje? Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Ni kwamba tumboni zimejaa na kuzipata si kazi. Panya akishauawa, unaingiza maji ya chumvi baridi ndani ya utando wa tumbo, unalisugua taratibu, unayavuta kwa bomba la sindano. Ukiyamimina kwenye kisahani cha plastiki, baada ya saa moja au mbili makrofaji zimeng'ang'ania chini kama chaza kwenye mizizi ya mkoko. Seli nyingine unazisuuza.

Nikazitia virusi vya mafua vilivyozoeshwa kukua ndani ya makrofaji. Kisahani cha kwanza, seli zimekufa, zinaelea. Cha pili, zimetulia tuli. Nikarudia; leo zafa, kesho zapona. Miezi minane! Msimamizi wangu akasema mbele ya wenzangu kwamba sijui kushika pipeti, kile kibomba cha kupimia matone. Simtaji, mwenyewe anajijua.

Aliyeniokoa ni fundi wa maabara, mzee asiye na shahada hata moja. Aliniuliza swali ambalo Mwamu, mtu wa Lamu, humuuliza mgeni kabla kahawa haijapoa: hawa ni wa ukoo gani?

Kumbe panya wangu walitoka vizimba viwili, koo mbili. Mimi daftarini nimeandika "panya weupe", basi.

Panya wengi wa maabara jeni yao ya Mx1, ile inayowakinga na mafua, ni mbovu. Ukoo uitwao A2G unayo nzima. Jean Lindenmann, yule yule aliyegundua interferoni, protini ya mwili inayoziamsha seli dhidi ya virusi, pamoja na Alick Isaacs mwaka 1957, ndiye aliyeeleza mwaka 1962 kwamba panya hao hawafi kwa mafua yanayoua wenzao. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba hata makrofaji za tumbo, zikitolewa na kuwekwa kisahanini, zina ukaidi ule ule. Interferoni huziamsha, nazo hutengeneza protini ya Mx1 inayovizuia virusi kunakili jeni zao ndani ya kiini cha seli. Basi zangu zilizopona zilikuwa za ukoo huo, zilizokufa za ukoo ule mwingine. Mkono wangu haukuwa na kosa lolote!

Kwa hiyo dada yangu, andika. Andika ukoo, andika umri, andika kizimba, andika nani alimleta panya na siku gani. Sisi vijana tunapenda sana kupiga picha na koti jeupe, na daftari lina kurasa nne. Ukiambiwa mkono wako mbovu, fungua daftari kwanza ndipo ulie. Na andika, nasema tena.

Tasnifu yangu imepita mwezi uliopita. Msimamizi alinipongeza, la pipeti hakuligusa. Daftarini sasa nina safu ya ukoo niliyoichora kwa wino mwekundu. Ukitaka nitakupigia picha uione, ila kwanza niambie panya wako walitoka wapi.